Bangkok: Kipande Kimoja cha Barabara, Wenyewe Watano

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu mnaofuata mizigo, na nyinyi wanafunzi wa mipango miji mliojazana huko nyuma mkidhani sitawaona, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze Bangkok inavyompokea mtu anayeingia mara ya kwanza. Nimekubali, ila mahekalu nitayaruka. Wat Pho ina sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46. Ukisimama miguuni pake, uso huuoni vizuri. Nendeni mkaione, vueni viatu, funikeni mabega. Habari za mahekalu zimeishia hapo.

Jioni hii nataka tukae pembeni ya barabara. Hapo ndipo mgeni kutoka kwetu anapopigwa na butwaa, na hapo ndipo mimi niliyesomea kupanga miji nilipokaa zaidi kuliko mahali pengine popote. Macho ya kwanza yanakwambia hii ni fujo. Waya zimejisokota juu ya nguzo hadi hujui upi wa umeme na upi wa simu. Kitoroli cha supu kimeziba njia ya waenda kwa miguu. Pikipiki imepanda juu ya njia hiyohiyo. Mama anakaanga kuku hatua mbili kutoka kwenye lango la jengo la ghorofa 40, na mlinzi wa jengo ndiye mteja wake wa kwanza. Lakini kaa hapo usiku na mchana, utaona kwamba hakuna aliyekaa pale bila saa yake. Bangkok haijatuzidi nafasi. Imetuzidi zamu.

Hesabu kidogo, maana wanafunzi wanazipenda. Mji wa Bangkok kisheria una kilomita za mraba 1,569. Mkoa wa Dar es Salaam una 1,393. Wakazi waliosajiliwa Bangkok ni kama milioni 5 na nusu. Sensa yetu ya 2022 iliipa Dar watu 5,383,728. Karatasini hii ni miji pacha. Lakini Bangkok pamoja na viunga vyake ina watu zaidi ya milioni 10, na wengi wa wanaouza na kubeba na kuendesha pale mjini wamesajiliwa vijijini kwao, hasa mikoa ya kaskazini mashariki wanayoiita Isan. Wanakuja mjini kutafuta, msimu wa mpunga wengine wanarudi. Hapo mnatikisa vichwa, nadhani mnawajua watu wa namna hiyo.

Sasa kuingia. Uwanja wa ndege unaitwa Suvarnabhumi, ulifunguliwa Septemba 2006. Nyinyi mnaokwenda mara ya kwanza sikilizeni hapa: kabla ya uhamiaji kuna dawati la afya, na abiria wanaotoka nchi zetu wanatakiwa kupita pale na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ukienda moja kwa moja uhamiaji bila karatasi ya dawati lile utarudishwa, na foleni unaianza upya. Kwa hiyo watalii wa Ulaya wanapita, wewe unabaki na ndugu zako wa Uganda, Kongo, Ethiopia, Nigeria. Nilisafiri na mama mdogo wangu, aliyekuwa akifuata nguo Pratunam, mtaa wa soko la nguo, tangu miaka ya mwisho ya 1990. Kwenye foleni ile ya kadi za njano, pasipoti yake haijagongwa muhuri, tayari alikuwa amejua bei ya kilo kwa kago ya ndege, hoteli iliyopandisha bei, na duka lililohama ghorofa. Watu wanalipia ushauri wa biashara, yeye anaupata kwa kusimama.

Kutoka uwanjani kuna treni ya juu, ilianza 2010, inaishia Phaya Thai. Wa Pratunam wanashuka Ratchaprarop. Mgeni anaona mji kwa mara ya kwanza akiwa juu ya mapaa. Reli nyingine ya juu, wanayoiita BTS, ilianza tarehe 5 Desemba 1999 ikiwa na kilomita zipatazo 23 tu, leo imetambaa mbali. Ya chini ya ardhi ilianza 2004, na hiyo ina jambo moja linalomchanganya mgeni: ili ushuke chini, kwanza unapanda. Milango ya vituo imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, unapanda ngazi kadhaa ndipo unazama. Sababu ni maji. Mji umekaa juu ya udongo laini wa delta ya mto Chao Phraya, karibu kabisa na usawa wa bahari, na mafuriko ya 2011 yaliingia hadi uwanja wa zamani wa ndege, Don Mueang. Kila nikikumbuka ngazi zile nafikiria Jangwani kwetu Dar, panapofurika. Naendelea.

Mnapaswa kujua kwa nini mji umekaa vile, la sivyo mtaona vurugu tu. Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, ulichomwa na jeshi la Burma mwaka 1767. Mfalme Taksin akahamia Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto. Mwaka 1782 mfalme Rama wa Kwanza akavuka kuja mashariki na kuanzisha Bangkok hii. Mji ulijengwa juu ya mifereji. Watu walizaliwa, wakauziana na kuzikana kwa mtumbwi. Barabara ya kwanza ya namna ya kisasa, Charoen Krung, ilijengwa miaka ya 1860 baada ya mabalozi wa Ulaya kulalamika kwa mfalme kwamba hawana pa kupandia farasi na magari yao jioni, na kwamba afya zao zinaharibika. Mji wa maji ukaanza kugeuzwa mji wa barabara kwa sababu wageni walitaka kunyoosha viungo! Baadaye mifereji mingi ikafukiwa, na mashamba ya mpunga, ambayo yalikuwa vipande vyembamba virefu, kila mwenyewe akachonga njia yake kutoka barabara kuu kuingia ndani hadi mwisho wa shamba. Njia hizo wanaziita soi. Ndiyo maana ukitazama ramani unaona mfupa wa samaki: uti mmoja mrefu, miiba pande zote, na miiba haiungani. Soi nyingi zinakwenda kilomita nzima halafu zinagonga ukuta.

Namba nazo zina kiini macho. Witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili, mpaka hapo sawa. Lakini kila upande unahesabu kivyake, kwa hiyo kwenye barabara ya Sukhumvit, Soi 55 inatazamana na Soi 38. Mgeni akiambiwa hoteli iko Soi 38 anashuka karibu na 37 na kuanza kutembea juani na mabegi.

Kwa sababu soi haziungani na basi haliingii, mdomoni mwa karibu kila soi kuna kijiwe cha pikipiki. Bodaboda kabisa, ila wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba. Nilikaa kwenye kijiwe kimoja nikitafuna embe bichi la chumvi na pilipili, nikiangalia tu. Mteja anafika. Hakuna anayekurupuka. Hakuna anayeita "bosi, bosi". Aliye mbele kwenye mstari anawasha, anaondoka, anayefuata anasogeza pikipiki mbele hatua moja. Ukutani kuna kibao cha nauli: hadi nyumba fulani baht kadhaa, yaani hela yao, hadi mwisho wa soi baht kadhaa. Aliyekuwa wa mwisho anajua ni wa mwisho, amevua viatu, anacheza dama kwa vizibo vya soda. Serikali ilikuja kuwasajili na kuwapa vizibao rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mstari ule haukuletwa na serikali. Waliupanga wenyewe vijiweni tangu miaka ya 1980, kwa ugomvi mwingi na kwa kulipa wakubwa wengi, msidhani ilikuwa peponi. Na kitu kingine: honi. Wanaendesha kushoto kama sisi, foleni ni ndefu kama zetu au zaidi, taa nyekundu inaweza kukuweka pale ukamaliza tasbihi, na honi husikii. Siku ya kwanza nilidhani masikio yangu bado yameziba kwa ajili ya ndege.

Haya, tuje kwenye kipande chenyewe. Hoteli yetu ilikuwa kwenye kichochoro karibu na barabara ya Phetchaburi, pale Pratunam, na dirisha langu lilitazama kipande cha njia ya waenda kwa miguu chenye upana wa kama hatua nne. Mama mdogo alipokwenda sokoni mimi nilikuwa nashuka na daftari.

Saa 11 alfajiri pale kuna nguo. Wauzaji wa jumla wametandika turubai chini, fulana zimefungwa dazeni dazeni, taa za betri zinaning'inia, na wanunuzi wanaochukua ni wenye maduka ya mikoani. Kufika saa 1 asubuhi turubai zimekunjwa. Anakuja mwanamke wa mishikaki. Ni ya nguruwe, Waislamu tupite mbali, lakini namna anavyouza ni ya kutazama: mshikaki na kifuko cha wali wa kunata, mteja hasimami hata nusu dakika. Katikati ya hayo wanapita watawa wa Kibuddha, miguu mitupu, kanzu za rangi ya chungwa, na mwanamke yule anaacha jiko, anavua viatu, anaweka chakula kwenye bakuli la mtawa, anapiga magoti, anainuka, anaendelea kugeuza mishikaki. Saa 3 naye hayupo. Maduka ya nyuma yanafungua, kipande kile kinakuwa mlango wa duka na mahali pa kushushia mabelo. Mchana, jua likiwa kali, duka linarudisha vitu ndani na kivuli cha paa lake anakipata mama wa saladi ya papai. Jioni vijana wa kuuza makava ya simu. Usiku wa manane, tambi na supu, viti vya plastiki vyekundu, na madereva wa teksi wamejipanga.

Wenyewe watano, kipande kimoja. Kila mmoja anafagia kabla ya kuondoka. Umeme wanavuta kutoka duka la nyuma na wanalipa. Mwenye duka halalamiki kwamba wamemzibia, kwa sababu wakati anapouhitaji mlango wake, wao hawapo, na wakati wapo, wanamletea watu.

Nimesema mama wa saladi ya papai. Huyu lazima nimweleze, kwa sababu wapishi wa kwetu wataelewa. Wanaiita som tam. Ana kinu kirefu cha udongo, mchi wa mti, na kijiko mkono wa pili. Papai ni bichi, la kijani, limemenywa; analishika kiganjani, analikatakata juujuu kwa kisu kirefu, chop chop chop kwa kasi inayotia hofu, halafu anachanyata upande ule na nyuzinyuzi zinaanguka zenyewe. Kwanza ndani ya kinu vinaingia kitunguu saumu na pilipili. Anakutazama, anainua vidole: ngapi? Ukionyesha viwili anacheka. Wenyewe wanakula nyingi kuliko hizo. Kisha kunde mbichi zilizo kwenye maganda, nyanya, kamba wakavu wadogo wale kama wa kwetu, karanga, sukari ya mnazi, ndimu, na maji ya samaki waliochachushwa. Papai mwisho. Hapondi akavuruga, mchi unashuka taratibu huku kijiko kikigeuza kutoka chini, mchi, kijiko, mchi, kijiko. Anaonja kwa ncha ya kidole kwenye kijiko kingine, anaongeza ndimu. Anatia kwenye mfuko wa plastiki, anaupuliza hewa kidogo, anauzungusha raba mara tatu. Tayari. Sisi tuna papai, tuna kinu, tuna dagaa, tuna ndimu, tuna karanga. Papai bichi tunalitupa au tunalainishia nyama. Sisemi zaidi.

Huo mfuko wa plastiki utawashangaza kuliko pilipili. Kenya ilipiga marufuku mifuko mwaka 2017, sisi Juni 2019, tumeshazoea kwenda sokoni na kapu. Kule maduka makubwa yaliacha kuigawa Januari 2020, lakini barabarani supu iko kwenye mfuko, kahawa ya barafu iko kwenye mfuko na mrija, mchuzi, wali, hata pilipili ya kuongezea ina kimfuko chake. Kwa usafi wa njia wanatushinda, kwa mifuko tumewashinda.

Wapemba na Waunguja waliopo hapa hawatajisikia wageni kwenye matunda. Doriani ipo, na hoteli nyingi zimebandika kibao cha kuikataza ndani. Shokishoki zipo, mafenesi, matopetope, ukwaju. Mchaichai wanatia kwenye supu badala ya chai. Kulikuwa na mzee wa Kizanzibari kwenye hoteli yetu aliyekuja kutibiwa, akasema kitu pekee kilichomsumbua ni kuona shokishoki zimepangwa kwa ukubwa na kutiwa bei kwa kilo, wakati kwao zinafungwa kwa fungu.

Na saa! Hili linatuhusu. Wathai wana namna ya zamani ya kuhesabu saa za usiku ambayo bado inatumika midomoni: saa ile ambayo Waingereza wanaiita 7, kwao ni ya kwanza ya usiku, inayofuata ni ya pili, mpaka ya tano. Yaani saa 1, saa 2, saa 3, saa 4, saa 5 usiku, vilevile kama sisi. Ukimwambia muuza nguo utarudi "saa mbili usiku" na akakuelewa, usishangae. Mwaka ndio unaotofautiana: risiti zinaandikwa mwaka wa Kibuddha, ambao uko mbele kwa 543. Mwaka 2024 kwao ulikuwa 2567. Wenye kupeleka risiti forodhani hapa kwetu, andaeni maelezo.

Kidogo kuhusu mfereji, kwa sababu mimi nauona kuwa ndio njia bora ya kuingia mji ule mara ya kwanza. Khlong Saen Saep ulichimbwa miaka ya mwisho ya 1830, kwa amri ya Rama wa Tatu, ili kupeleka askari na silaha vitani upande wa Kambodia. Tangu 1990 unapita boti za abiria, njia ya kama kilomita 18 kukatiza mji, na Pratunam ndipo mnapobadilisha boti. Boti haisimami sawasawa. Inagusa gati, kamba moja inatupwa, mnaruka, imeondoka. Kondakta hatembei ndani. Anatembea juu ya ukingo wa nje wa boti, maji yanamrukia, ameshika kamba kwa mkono mmoja na tiketi kwa mwingine, kichwani kofia ngumu kwa ajili ya madaraja. Madaraja mengine yako chini kiasi kwamba paa la boti linashushwa, mnainama nyote, linapandishwa tena. Maji ni meusi na yananuka, tusidanganyane. Abiria wa pembeni ndiye mwenye kazi ya kuvuta kamba inayoinua turubai boti nyingine inapopishana nanyi, na akisahau, safu nzima inamtazama. Hakuna aliyemfundisha, ameketi pale basi kazi ni yake.

Kando ya mfereji huo kuna mtaa unaitwa Ban Krua, na Waislamu wenzangu wakipata nafasi wapite wasalimie. Wenyewe asili yao ni Wacham, jamii ya Waislamu, walipewa ardhi ile kwa kumpigania Rama wa Kwanza. Walikuwa wafumaji wa hariri. Mmarekani Jim Thompson, aliyeipeleka hariri ya Thailand duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, alianzia kwenye vitanda vyao vya kufumia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuja mpango wa kupitisha barabara ya magari ya kasi juu ya mtaa wao. Walikataa. Waliandamana, walilinda mtaa usiku kwa zamu, walihoji hesabu za magari za wahandisi, mwaka baada ya mwaka, na mtaa bado upo. Wanafunzi, huo ni mfano wa kusoma, una kila kitu: ardhi, dini, wahandisi, na wazee wasioogopa karatasi.

Sasa wafanyabiashara mmeanza kukohoa, nimewaelewa. Pratunam kwenye jengo na kwenye vichochoro mtakuta bei mbili: ya pisi moja na ya kuanzia pisi tatu. Mkishachukua tatu, mmeshaingia jumla. Lugha ni kalkuleta. Muuzaji anabonyeza, anakugeuzia. Wewe unabonyeza yako, unamgeuzia. Mama mdogo hakuwahi kusema zaidi ya maneno manne ya Kithai, moja likiwa la kushukuru, na alikuwa na watu wake ghorofa tatu tofauti. Alinifokea mara moja tu, niliposimama katikati ya kichochoro kupiga picha: "Mwanangu, ukisimama hapo unakula hela ya mtu." Nguo za dukani zinawahi kuisha Bo Bae, soko jingine la nguo, kuliko Pratunam, ndiyo kauli yake, na vitu vidogovidogo, vifungo, lesi, hereni, vinapatikana Sampeng, kichochoro cha mtaa wa Wachina. Hapo jirani, barabara ya Yaowarat, maduka ya dhahabu yamepakwa nyekundu tupu na bei ya siku imebandikwa mlangoni. Wanapima kwa baht, na hiyo baht ya uzito si ile ya hela: vito ni gramu 15.16. Dhahabu yao ya kawaida ni asilimia 96.5. Mkijua hayo mawili hamtaibiwa kirahisi.

Ukitaka kula halali bila wasiwasi, nenda Nana, Sukhumvit Soi 3 na vichochoro vyake. Vibao vya Kiarabu, kahawa, mandi (wali wa nyama wa Kiarabu), ndugu zetu wa Oman na Ghuba waliokuja kutibiwa hospitali za jirani wakiwa wameketi nje usiku. Kiswahili utakisikia pale kutoka kwa mtu ambaye hukumtarajia, aliyezaliwa Muscat na bibi yake wa Mkunazini, Unguja.

Na si sisi tu tuliokwenda kwao. Wao walikuja mapema. Yakuti za Tunduru zilipofumuka katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi wa Kithai walifika hadi Ruvuma. Za Winza, Mpwapwa, mwaka 2007 na 2008, walifika tena. Mawe yalikwenda Bangkok na Chanthaburi kupikwa kwa moto ili rangi ing'ae, na kukatwa. Nilipita mitaa ya vito karibu na Silom, nikaona kijana wa Kiafrika na mzee wa Kithai wameinamia karatasi moja iliyokunjwa, wanasogeza punje kwa kibano, wote kimya. Huenda jiwe lile lilitoka kwetu na lingerudi likiwa pete.

Msije mkaondoka hapa mnadhani zamu zile hazina adui. Baada ya mapinduzi ya 2014, uongozi wa jiji ulianza kuondoa wauzaji barabara moja baada ya nyingine, Pratunam ikiwemo, Silom, Sukhumvit. Hoja ni zilezile mnazozijua: njia ni ya waenda kwa miguu, mji uwe nadhifu. Mwaka 2017 likatoka tangazo kwamba hadi mwisho wa mwaka hakutakuwa na wauzaji barabarani. Dunia ikapiga kelele, jiji likasema halikueleweka vizuri, mitaa ya Yaowarat na Khao San itabaki. Desemba ya mwaka huohuo kitabu cha Michelin, kile kinachopima migahawa bora duniani, kikatoa nyota kwa Jay Fai, mama anayepika kimanda cha kaa juu ya mkaa akiwa amevaa miwani mikubwa ya kukinga moshi na mafuta, nje ya kibanda chake. Mwaka mmoja, chakula kilekile: huku kinafukuzwa, huku kinavishwa nyota. Waliofukuzwa Sukhumvit, lakini, nyota haikuwafikia.

Kabla ya hapo, utaratibu wa zamani ulikuwa na jambo moja ninalolipenda mno: Jumatatu wauzaji hawapangi. Siku nzima njia ni tupu, jiji linaosha. Siku moja kwa wiki, kila mtu anaijua, hakuna kubomoleana.

Hapa sisi mwaka 2018 tulianza na vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000, mwaka 2021 tukawaondoa machinga pembeni ya barabara, mwaka 2025 tukazindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Nilipokwenda Kariakoo usiku baada ya uzinduzi, niliuliza swali moja tu: kipande hiki mbele ya duka hili, saa 4 usiku ni cha nani? Mwenye duka akasema changu. Kijana mwenye meza akasema changu. Mgambo akasema cha halmashauri. Taa tumeongeza, ulinzi tumeongeza, mgawanyo wa saa hakuna aliyeuandika. Mpangaji wa mji anagawa ardhi kwa mita. Hajafundishwa kuigawa kwa saa, na mimi sikufundishwa. Ningependa mtu kati yenu huko nyuma afanye tasnifu yake juu ya hilo, achague mtaa mmoja wa Kariakoo, Msimbazi au Kongo, akae na daftari.

La mwisho ni la usalama wenu. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa unapigwa vituoni na kwenye bustani. Kila mtu anasimama alipo, nanyi simameni. Na habari za mfalme wao msizizungumze, hata kwa mzaha, hata kwa simu. Sheria yao inatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni hasamehewi kwa ugeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Nipokee maswali, tuanze na yule dada mwenye ushungi wa kijani aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kago, halafu kijana wa Chuo Kikuu Ardhi pembeni yake.